Tukusanye Gemu Zetu za Kale

Wasikilizaji mlio mjini Singida kandokando ya ziwa Singidani na mlio huko Kiomboi, Manyoni, Itigi, Ikungi na Mkalama, jambo nililokusudia kulizungumza jioni hii ni jambo ambalo watu wazima wengi hulidhania kuwa la watoto, na watoto wa leo hulidhania kuwa la wazee; nalo ni habari ya gemu za kale, zile za kuchomekwa kwenye televisheni na zile za kushikwa mkononi, pamoja na desturi iliyozuka ulimwenguni ya kuzikusanya mahali pamoja kila mwaka, watu wakaja kutoka mbali kuzicheza, kuzitengeneza, kuziuza na kusimuliana habari zake. Rai yangu, nami naitaja mapema ili msikilizaji asipate taabu ya kuitafuta, ni kwamba mkutano wa namna hiyo wafaa kufanywa hapa Singida, na kwamba tukiufanya tusiige makusanyo ya Wamarekani na Wajapani, bali tukusanye kilicho chetu, yaani kibanda cha gemu na vyombo vyake vyote, hata kama vyombo hivyo vilikuwa nakala za bandia.

Yafaa tuanze na asili. Tarehe 18 Oktoba 1958, katika maabara ya Brookhaven iliyoko Long Island karibu na New York, ilikuwa siku ya kuwakaribisha raia waje kutazama kazi za wanasayansi. Na mwanafizikia mmoja aitwaye William Higinbotham, kwa kuona kwamba maonyesho ya namna ile aghalabu huwachosha wageni kwa sababu hakuna wanachoruhusiwa kukigusa, aliunganisha kompyuta na kioo cha kupimia mawimbi ya umeme, chenye upana wa inchi 5 tu, akatengeneza tenisi ya watu wawili. Nukta ya nuru iliruka juu ya wavu kutoka upande huu hadi upande ule, kila mchezaji akishika kisanduku chake chenye kitufe cha kupigia na kirungu cha kuzungusha, na watu wakapanga foleni kuisubiri zamu. Mwaka uliofuata chombo kikaonyeshwa tena, safari hii kwa kioo kikubwa zaidi, kisha kikafumuliwa, vipande vyake vikapelekwa katika kazi nyingine, wala hapana aliyefikiri kukihifadhi, hata miaka mingi baadaye walipotaka kukionyesha tena ikawabidi wakiunde upya. Mojawapo ya gemu za mwanzo kabisa za kioo, basi, ilizaliwa katikati ya mkusanyiko wa watu, si chumbani kwa mtu aliyejifungia peke yake, nayo ilipotea kwa kukosa mtunzaji.

Hasara ya namna hiyo haikuwa moja. Mwaka 1983, biashara ya gemu ilipoporomoka huko Marekani, kampuni ya Atari ilipakia shehena za kaseti zilizokosa wanunuzi ikaenda kuzifukia katika jalala la Alamogordo, jimbo la New Mexico. Na ilipofika Aprili 2014 watu walikwenda na mitambo kuzifukua, umati ukasimama katika upepo wa vumbi kuzitazama zikitolewa ardhini, na baadhi ya kile kilichotupwa kama takataka ikagawiwa kwa makumbusho. Baina ya tarehe hizo mbili ndipo ilipoota desturi ninayoizungumzia. Mwaka 1998 ulifanyika mjini Las Vegas mkutano ulioitwa World of Atari, na mwaka uliofuata ukaja Classic Gaming Expo, ulioendeshwa na watu watatu, John Hardie, Sean Kelly na Joe Santulli, ambao hawakuwa matajiri wala wakubwa wa kampuni, bali wapenzi wa gemu walioona kwamba waliozitunga wangali hai na hakuna anayewauliza neno. Zama za Atari, mtungaji wa gemu hakuruhusiwa kuandika jina lake katika kazi yake, hata mmoja wao, Warren Robinett, alilificha jina lake ndani ya chumba cha siri katika gemu iitwayo Adventure, ili atakayekigundua ajue nani aliyeitunga. Watu wa namna hiyo wakaalikwa, wakakaa na wale waliozicheza kazi zao utotoni, wakaulizwa na wakajibu. Na vitu ambavyo waandaaji wale watatu walikuwa wakivikusanya na kuvihamisha kutoka mji hadi mji, mwaka 2016 vikapata nyumba ya kudumu, makumbusho ya taifa ya gemu yaliyofunguliwa Frisco, katika jimbo la Texas.

Anayehudhuria mikutano ya aina hiyo hulipa kiingilio mlangoni, na katika ile ninayoistahi zaidi, kama vile California Extreme iliyoanza mwaka 1997, akishalipa hatoi tena hata senti moja, kwani zile mashine kubwa za kusimama, ambazo zamani zilikuwa hazianzi mpaka zitiwe sarafu, hufunguliwa zichezwe bure kuanzia asubuhi mpaka usiku. Nani azileta? Wenyewe wenye nazo huzipakia katika malori kutoka majumbani mwao, wakashinda kando yake na bisibisi mkononi, kwa kuwa chombo chenye umri wa miaka 40 hakimalizi siku bila kuharibika. Meza za biashara zipo, na mashindano yapo, na ukumbi wa mazungumzo upo. Lakini roho ya mkutano ni huyu mwenye chombo anayekiazima kwa watu asiowajua, na akaridhika kwa kuwaona wakikifurahia. Pasipokuwapo watu hawa, kilichobaki ni soko tu, na soko halihitaji mkutano.

Nairobi wametutangulia kwa upande mmoja, maana mkutano wao wa vibonzo na gemu ujulikanao kwa jina la NAICCON huwakusanya vijana wanaovaa mavazi ya mashujaa wa katuni, wachoraji, na watengenezaji wa gemu mpya. Ni jambo jema, nami nawatakia heri. Lakini hilo ninalolisema mimi ni jingine, la kutazama nyuma, na kwa kutazama nyuma itabidi kwanza tuitengeneze taarikhi yetu wenyewe, kwa sababu haifanani na ya wengine.

Gemu ya Pong ilipotoka mwaka 1972, na Space Invaders ya Mjapani Tomohiro Nishikado mwaka 1978, na Pac-Man ya Toru Iwatani mwaka 1980, sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na mahali pa kuzichomeka. Zanzibar ilikwisha kupata televisheni yake, tena ya rangi, mwaka 1973. Lakini huku Bara, mwaka uliofuata, Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini televisheni na kompyuta pasipo idhini, na ijapokuwa milango ya biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, watu wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, vituo vya televisheni vya Bara havikuanza kurusha matangazo mpaka mwaka 1994. Hiyo ni miaka 22 baada ya Pong. Mtoto wa Singida, basi, hakuipata Atari, wala kuporomoka kwake hakukumgusa. Zama nzima ambayo Mmarekani huiita ya dhahabu ilipita juu ya vichwa vyetu mithili ya ndege inayokwenda Nairobi. Alichokutana nacho mtoto huyu, mwishoni mwa miaka ya 1990, ni sanduku la plastiki lililotoka China au Taiwan kwa njia ya Dubai na Kariakoo, nalo ndani yake lilikuwa nakala ya Famicom, chombo kilichobuniwa na Masayuki Uemura wa kampuni ya Nintendo na kuuzwa Japani kuanzia tarehe 15 Julai 1983.

Wangapi katika nyinyi mnaonisikiliza mnaikumbuka kaseti ile ya rangi ya manjano, yenye karatasi iliyoahidi gemu elfu tisa mia tisa na zaidi, na ukiichomeka ukakuta gemu zenyewe ni chache, zimerudiwarudiwa kwa majina mengine, hii ikianzia hatua ya pili, ile ikianzia hatua ya tatu? Na ilipokataa kuwaka, nani kati yetu hakuichomoa akaipuliza kwa mdomo? Fundi mmoja ambaye kibanda chake kipo nyuma ya soko, na ambaye ameishi kwa kutengeneza redio na televisheni tangu ujana wake, alinionyesha madhara ya pumzi zile: aliigeuza kaseti, akaniangazia kwa tochi ya simu safu ya meno ya shaba iliyo mdomoni mwake, na kila jino lilikuwa na doa la kijani, kwa sababu unyevu wa pumzi huila shaba polepole. Akachukua kifutio cha penseli, kile cha wanafunzi, akalisugua kila jino kwa subira, akapangusa kwa kitambaa kilichotiwa spiriti, akairudisha, na wale bata wakaruka.

Hao bata wanastahili neno zaidi. Katika Duck Hunt, gemu ya mwaka 1984, mchezaji hushika bastola ya plastiki akailenga televisheni, na watu wengi waliamini kwamba bastola hurusha kitu fulani kikagonga kioo. Kumbe ni kinyume chake: bastola ni jicho. Ukivuta kitufe, kioo kizima huwa cheusi kwa muda mfupi usiozidi kupepesa, kisha mahali pale alipo bata hutokea mraba mweupe, na ikiwa jicho la bastola limeiona nuru ya mraba ule kwa wakati wake, bata huhesabiwa kuwa amepigwa. Hesabu hiyo ya wakati yategemea namna televisheni ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, inavyochora picha yake, papo hapo, mstari baada ya mstari, pasipo kuchelewa. Televisheni bapa za leo huipokea picha, zikaitengeneza kwanza, ndipo zikaionyesha, na kuchelewa huko, ijapokuwa jicho la binadamu halikuoni, kwaifanya bastola iwe kipofu. Ndiyo maana nasema kwamba asiyehifadhi televisheni ya chogo hakuhifadhi gemu. Tangu kuzimwa kwa mitambo ya analojia kulikoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi wetu tuliendelea kuzitumia televisheni hizo kwa kuziunganisha na king'amuzi, lakini sasa zinatolewa majumbani kwa wingi, zinauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu, shaba yake inachomolewa, na vioo vinatupwa makorongoni. Badala ya kila moja inayokwenda njia hiyo haitatengenezwa nyingine, kwani viwanda vyake vimekwisha kufungwa.

Lakini kwa watu wengi wa mkoa huu, hasa wa vijijini ambako umeme ulichelewa, gemu ya kwanza haikuwa ya televisheni hata kidogo. Ilikuwa ile ya matofali, ya kushikwa mkononi na kutiwa betri mbili, ambayo asili yake ni Tetris, iliyotungwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov akiwa mtumishi wa Chuo cha Sayansi cha Muungano wa Kisovieti. Au ilikuwa nyoka wa simu ya Nokia, aliyetungwa na Mfini Taneli Armanto kwa simu ya 6110 mwaka 1997. Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilifikiri hunitia shauku. Simu ya Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa takriban milioni 126 ulimwenguni, ilikuwa na gemu nne, na mojawapo, iliyoitwa Bantumi, ilikuwa ni mchezo wa mashimo na kete: safu mbili za mashimo sita sita, na ghala moja kila upande. Mchezo huo ulifuata kanuni za Kalah, ambao Mmarekani William Julius Champion aliutengeneza mwaka 1940 kwa kuchukua michezo ya kete ya Afrika na Asia na kuirahisisha. Tazameni basi safari hiyo: mchezo wa jamii ya bao, ambao wazee wetu wameucheza vizazi kwa vizazi chini ya miti na katika mashimo yaliyochimbwa ardhini, ukachukuliwa na Mmarekani, ukapunguzwa, ukatiwa na Wafini ndani ya simu, ukarudi Singida katika mfuko wa shati la mfanyabiashara wa alizeti, naye akaucheza ndani ya basi la Dodoma pasipo kujua kwamba anacheza kitu cha babu yake. Mwenye kulijua bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, lenye nyumba na kunamua na mtaji, ataiona Bantumi kuwa ni mchezo wa mtoto anayejifunza kuhesabu. Hata hivyo, katika mkutano ninaoutamani, simu ile na bao la mti viwekwe juu ya meza moja, na mzee akae upande huu na kijana upande ule.

Kisha kikaja kibanda. Nasema kikaja kwa sababu kilikuja kama taasisi, chenye desturi zake na adabu zake. PlayStation ya kwanza, iliyotolewa na Sony huko Japani tarehe 3 Desemba 1994, na ya pili, iliyotoka tarehe 4 Machi 2000 na ambayo hakuna chombo cha gemu kilichowahi kuuzwa kwa wingi kuliko hicho, zilitufikia zikiwa zimekwisha kutumika mahali pengine, na mtu mwenye mtaji mdogo alinunua moja au mbili, akaweka televisheni ya chogo juu ya stuli, mabenchi mawili ya mbao, pazia la kitenge mlangoni ili jua lisipige kioo, na gharama ya kila mchezo ikaandikwa kwa chaki ukutani. Aliyefungwa alitoka, aliyeshinda akabaki akilipiwa na mpinzani wake. Mdogo hakumnyang'anya mkubwa pedi, wala mkubwa hakuruhusiwa kumrukia mdogo aliyekwisha lipa zamu yake. Mashine iliposhindwa kusoma sidii, mwenye kibanda aliigeuza kichwa chini miguu juu ikaendelea kusoma, jambo ambalo lilionekana kama ushirikina, nalo lina sababu yake ya yakini: katika zile za mwanzo, reli ya plastiki inayobeba jicho la kusomea ililika na kupinda kwa joto, jicho likainama, na kuigeuza mashine kulilirudisha mahali pake kwa uzito wake lenyewe. Mtoto wa mtaani Singida na mtoto wa London waliligundua jambo hilo kila mmoja kwa upande wake, pasipo kuambizana. Na pembeni mwa mashine palikuwa na kile kikadi cha kumbukumbu cha megabaiti 8, kilichokuwa na timu za Winning Eleven, gemu ya mpira wa miguu, zilizopangwa na watoto wa mtaa ule kwa miaka, wachezaji waliohamishwa, majina yaliyobadilishwa. Kibanda kilipofungwa, kikadi kilitupwa pamoja na vumbi, na pamoja nacho ikapotea ligi nzima.

Najua wapo wazazi na walimu wanaonisikiliza ambao nyuso zao zimekunjamana, nao wanayo haki ya kuzikunja. Kibanda kilitorosha watoto shuleni. Kilikula fedha za daftari na nauli, na mahali pengine kilikuwa mlango wa kamari, ikafika hadi watu wasiweze tena kutofautisha baina ya kibanda cha gemu na zile mashine za kutumbukiza sarafu zilizoenea katika baa na maduka, ambazo ni michezo ya kubahatisha na ziko chini ya Bodi yake kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Sikusudii kuyafunika hayo. Nasema tu kwamba mahali palipowafunza vijana wa kizazi kizima kungoja zamu, kufungwa mbele za watu wakanyamaza, na kufungua chombo cha umeme wakakielewa, hapawezi kuandikiwa mabaya yake peke yake. Na mafundi simu kadhaa wa mji huu, ukiwauliza walianzia wapi, watakuambia walianza kwa kushika bisibisi ya mwenye kibanda.

Sasa juu ya nakala. Mkusanyaji wa Marekani akiliona sanduku letu la bandia ataliweka kando, kwa kuwa yeye hutafuta chombo cha asili chenye muhuri wa kampuni, na kikiwa ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa thamani yake huzidi. Kwake hiyo ni haki, maana ndicho alichokipata utotoni. Kwetu sisi asili ni ile nakala. Hakuna mtoto wa Ikungi aliyepata kuishika Famicom ya Nintendo, na tukiagiza leo moja kutoka Japani tukaiweka katika ukumbi wa Singida tutakuwa tumeonyesha kumbukumbu ya watu wengine. Kwamba watengenezaji wa nakala zile waliwadhulumu waliozitunga gemu, ni kweli, wala sitetei wizi. Majina ya watungaji yatajwe mkutanoni kwa heshima, Uemura na Pajitnov na wengineo, na itajwe wazi kwamba hawakulipwa kwa kaseti zile. Lakini taarikhi ya watu ni ile waliyoipitia, na aliyeipitia katika nakala ana haki ya kuikumbuka kama ilivyokuwa.

Ama kuhusu kuuendesha mkutano wenyewe, sisi si wageni wa maonyesho. Kila mwaka watu wa Dodoma na Singida hukutana katika viwanja vya Nane Nane huko Nzuguni, mabanda yakasimamishwa, mifugo ikapelekwa, mbegu zikaonyeshwa, na kazi yote ile huanza miezi mingi kabla ya siku yenyewe, kwa kamati, orodha na michango. Mkutano wa gemu ni mdogo kuliko huo, nao ungefaa kuwekwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, alizeti ikiwa imekwisha kuvunwa na mifuko ya watu ina kitu, na shule zimefungwa. Upepo wa Singida wakati huo una nguvu na vumbi lake halina huruma kwa vyombo vyenye matundu, kwa hiyo usifanywe uwanjani, ufanywe ndani ya ukumbi wenye madirisha ya kufungika, na kila chombo kifunikwe kwa kitambaa kisipochezwa. Mji wetu, tena, una fadhila ambayo miji mingi haina: mabasi ya Arusha kupitia Babati, ya Mwanza kupitia Nzega, na ya Dodoma yote hukutana hapa, na mwenye kibanda wa zamani aliyeko Shinyanga aweza kuja na mashine yake mapajani akarejea kesho yake.

Umeme usiwatishe waandaaji. Televisheni ya chogo ya inchi 14 hutumia wati 50 hadi 80, na PlayStation ya pili hutumia 50 au zaidi kidogo, basi meza moja tuihesabie wati 130. Meza 20 ni wati 2,600, mzigo ambao jenereta ya kawaida ya ukumbi huubeba, na kila meza tano zipewe kidhibiti umeme, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndipo vyombo vya kale hufa. Kitu cha kuogopwa ni kingine. Nyuma ya kioo cha chogo hukaa umeme wa volti zaidi ya 20,000, nao waweza kubaki humo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kwa hiyo asifungue televisheni mtu yeyote asiye fundi, na fundi mwenyewe akae mahali pake palipozungushiwa kamba, watu wakimtazama kwa mbali akifanya kazi. Naamini meza hiyo ya fundi itakuwa na watazamaji wengi kuliko zote, na waandaaji wasiifiche pembeni.

Kiingilio kiwe kidogo na kilipwe mara moja. Ndani kusiwe na kulipia mchezo, kusiwe na dau la namna yoyote, na hilo liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa, kwani siku litakapovunjwa wazazi watakuwa na haki ya kuufunga mkutano. Watoto waje na wakubwa wao. Wasichana, ambao kibanda cha zamani kiliwafungia nje kwa desturi tu wala si kwa kanuni iliyoandikwa, wapewe meza na zamu sawasawa na wavulana, na pasiwepo mtu wa kuwasimamia vichwani akiwafundisha wasichoomba kufundishwa. Mtendaji wa kata apewe taarifa mapema, na polisi pia, si kwa hofu bali kwa adabu.

Na mashindano yawepo, lakini yasimeze siku. Ukitaka kuujua mkutano ulioharibika, tazama kama watu wote wamesimama nyuma ya wachezaji wawili, ilhali meza nyingine kumi na tisa hazina mtu. Mimi ningeyaweka asubuhi ya siku ya kwanza, yakaisha kabla ya chakula cha mchana, kisha alasiri nzima ikaachwa kwa mazungumzo: waitwe walioendesha vibanda, wakae mbele, waulizwe walinunua wapi mashine ya kwanza, kwa shilingi ngapi, nani aliwakopesha, nani aliwadhulumu, kwa nini walifunga. Yote hayo yarekodiwe. Redio ina mitambo ya kufanya hivyo na ina ghala la sauti, na hapana sababu ya kuhifadhi hotuba za viongozi peke yake, ilhali wale waliolea nusu ya vijana wa mji wanazeeka pasipo kuulizwa.

Walisema wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya kwanza, kabla ya ukumbi na kabla ya kiingilio, ni hilo daftari. Mwenye televisheni ya chogo inayowaka asiiuze kwa kilo kabla ya kuandikisha jina lake. Mwenye kaseti, pedi iliyokatika waya, kikadi cha kumbukumbu, bastola ya bata au simu ya Nokia iliyokufa betri, aandike ni kitu gani, alikipata mwaka gani, alikinunua au alipewa na nani, kilichezwa katika mtaa upi na kibanda kile kiliitwaje. Maandishi hayo yaletwe hapa redioni kwa mkono au kwa posta, nasi tutayasoma katika kipindi hiki kila yatakapofika, tukianza na vibanda vya Singida mjini, kisha Manyoni na Itigi, kisha Iramba na Mkalama. Na itakapoonekana kwamba vyombo vilivyoandikishwa vinatosha meza 20, hapo ndipo tutakapokwenda kuulizia bei ya ukumbi.